Joto la Kompyuta ya Bunda

Tangu nistaafu, mikono yangu haijui pa kukaa. Juzi nilifungua redio ya jirani ambayo haikuwa na ubovu wowote, nikaipangusa, nikaifunga, naye akanishukuru kwa mashaka. Mume wangu ameshanificha bisibisi. Basi nimekaa barazani hapa Iringo, Musoma, nimeshika kalamu, niwaandikie ninyi vijana mliobaki karakana, maana hamchoki kuniuliza, "Hivi mama, zamani mlikuwaga mnafanyaje?" Vyeo na mishahara sitaviandika. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu kuliko kazi yenyewe. Nitaandika habari za vumbi, maana vumbi ndilo lililonilisha.

Mimi ni mtoto wa Nyegina. Masista walinifundisha cherehani, kushona na kutengeneza pia, na kutengeneza ndiko kulikonipendeza zaidi. Nilipoingia karakana ya mashine za ofisi pale Musoma, nchi ilikuwa kwenye miaka ya uhaba. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, mafuta ya taa ya foleni. Ukiona watu wamejipanga unaunga kwanza nyuma, ndipo unauliza wanagawa nini. Mkuu wa karakana alikuwa Mzee Magoti, fundi wa taipureta, mfupi, mkali, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia siku ile ya kwanza.

"Marahaba. Wewe ndiye wa cherehani?"

"Ndiyo mimi."

"Haya. Taipureta ni cherehani iliyosoma. Kaa hapo."

Akaniwekea mezani taipureta ya shule moja ya msingi. Herufi zilikuwa zikinyanyuka, hazirudi. Nami kwa kiherehere changu nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua parafujo. Mzee Magoti akanikamata mkono.

"Unampasua mgonjwa hujamuuliza anaumwa nini? Mwulize aliyeileta huwa inakaa wapi."

Mwalimu aliyeileta alikuwa bado yuko mlangoni. Nikamuuliza. Inakaa stoo, jirani na jiko la shule. Kumbe mashine nzima ilikuwa imejaa masizi na mvuke wa maharage, imeganda kama sufuria isiyooshwa. Tuliiosha kwa mafuta ya taa na brashi ya kunyolea ndevu, tukaiweka juani, tukaipa mafuta ya cherehani kidogo, na herufi zikaanza kuruka zenyewe. Mwalimu alifurahi akatuletea furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa mashine ya mtu nauliza kwanza inakaa wapi.

Sitawaficha, kuwa fundi mwanamke enzi zile kulikuwa na vituko vyake. Mtu anaingia, ananitazama, ananipita kwa macho, anauliza, "Fundi yuko wapi?" Namwambia ndiye mimi. Anageuka kuangalia nyuma yangu, kama vile fundi mwenyewe nimemficha kwenye gauni. Mzee Magoti alikuwa akijibu kwa niaba yangu bila kuinua kichwa: "Baba, kama mashine yako haitaki kushikwa na mwanamke, rudi nayo." Hakuna aliyerudi nayo.

Halafu ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa vitu, mitumba ikashuka, na kompyuta nazo zikaanza kuingia mkoani Mara, nyingine kutoka Mwanza, nyingine zikipitia mpakani Sirari zimefungwa kwenye maboksi na magodoro. Ya kwanza ilipotua mezani kwetu, Mzee Magoti aliizunguka pande zote mikono ikiwa nyuma. Akaweka kiganja juu ya monita.

"Hii kitu ina homa," akasema. "Veronika, mgonjwa wako huyu. Mimi nabaki na taipureta zangu."

Nikajifunza kwa fundi mmoja aliyetoka Mwanza, mtu mpole, anayeongea kwa Kiingereza zaidi ya anavyoongea na mkewe. Alinionyesha kwamba ndani ya kompyuta kila kitu kinazalisha joto, na kwamba mashine inaishi kwa pumzi: hewa baridi inaingia, hewa ya moto inatolewa na feni nyuma. Vumbi likiziba, pumzi inakwisha. Inaanza kwa kuwa nzito, inaganda skrini, mwishowe inajizima. Ukiiwasha papo hapo inazimika tena. Ukiiacha ipoe inaamka kama si yenyewe iliyokuwa inakufa.

Vifaa vya kupulizia vya kisasa mnavyotumia ninyi hatukuwa navyo. Nilikuwa na pampu ya baiskeli, brashi laini ya rangi, na ile brashi ya kunyolea niliyorithishwa. Unachomoa umeme, unangoja ipoe, unaitoa nje barazani ukiwa umeupa upepo mgongo, vinginevyo vumbi lote unakula wewe. Unapopuliza feni, izuie na kidole isizunguke. Ukiiacha ijizungukie kwa upepo wa pampu, unaiua. Kupuliza kwa mdomo ni marufuku, ukipuliza kwa mdomo unatema mate kwenye umeme. Feni ikipiga kelele, bandua karatasi yake ya katikati, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Na ile grisi nyeupe ya kwenye prosesa ikikauka ikawa kama chokaa, ifute, weka nyingine, kidogo tu. Wengine mnaipakaga kama siagi ya mkate. Nimewaona.

Kila mahali na vumbi lake. Upande wa Nyegina kulikuwa na ofisi moja karibu na maji, kompyuta yake ilikuwa ikinuka dagaa na paka haondoki juu yake. Nilipofungua, ndani kulikuwa kumejaa wale wadudu wa ziwani wanaokujaga kama moshi. Nilikung'uta uwanjani, kuku wakaja mbio kutoka nyumba tatu. Sijawahi kupendwa vile na mteja. Butiama nako, ofisi moja njia ya kwenda Mwitongo, nilikuta matundu yote ya hewa yamezibwa kwa magazeti yaliyosokotwa vizuri, kazi ya mzee mlinzi.

"Mzee, kwa nini umeziba?"

"Nyoka ataingia, binti yangu."

"Nyoka haingiagi kwenye kompyuta, mzee."

"Hao wa kwenu Musoma. Wa Butiama anaingia."

Tulikubaliana tuweke wavu wa dirisha mlangoni, kompyuta ipumue na nyoka abaki nje.

Lakini kesi iliyonitoa jasho ilikuwa ya Bunda. Nilitengeneza mashine nyingi kabla yake na nyingi zaidi baada yake, ila nikiulizwa nini nilikifurahia zaidi kazini, ni hiyo, ingawa mwanzo wake haukuwa wa furaha.

Ilikuwa kampuni ya pamba, mojawapo ya zile zilizochipuka biashara ilipofunguliwa. Ilikuwa na uwanja mkubwa wa malori, mizani, ghala, na ofisi yenye kompyuta moja. Kompyuta hiyo ndiyo iliyochapa hati za safari za malori ya kwenda Mwanza, na makao makuu ya huko hawakupokea hati ya mkono. Ikizimika, malori yanalala, madereva wanapiga honi, na Meneja, Bwana Kulwa, anatoka na kuingia ofisini huku anajipangusa kipara. Aliyeketi kwenye kompyuta alikuwa sekretari, Mama Wegesa, mwanamke mnene wa makamo, msafi kupindukia, aliyepiga taipureta tangu ujana wake na kujifunza kompyuta kwa kuogopa na kusali.

Waliponipigia simu mara ya kwanza nikaenda. Mama Wegesa alinipokea na soda kwenye sinia, meza imepanguswa inang'aa, kompyuta iko peke yake inanisubiri. Nikauliza swali langu la kawaida. Inakaa hapo hapo, akasema, haihami. Nikafungua. Mungu wangu! Ndani kulikuwa na nyuzi za pamba za kujaza mto. NilikING'oa kile kitanda cha pamba, nikapiga brashi, nikapuliza, nikaweka tone la mafuta. Nikaiwasha, ikafanya kazi mchana kutwa mbele ya macho yangu. Nikarudi Musoma nikijisifu ndani ya basi.

Wiki haijaisha, simu. Imezimika tena, ikifika saa sita inakata roho. Nikaenda. Soda kwenye sinia, meza inang'aa. Nikafungua: safi. Feni inazunguka, grisi mbichi. Nikaiwasha, ikafanya kazi mpaka jioni bila kikohozi. Madereva walishanijua sasa, wakawa wananiimbia nikipita uwanjani, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Na kweli, ilikuwa inaponaga nikifika.

Bwana Kulwa aliniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyebanwa.

"Fundi, ukiwepo wewe inafanya kazi. Akibaki mama peke yake inakufa. Mimi nifikirieje?"

"Meneja, mashine haijui nani kakaa mbele yake."

"Watu wanasema ana mikono ya moto."

"Watu wanasemaga mengi."

"Nimeshaongea na Mwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna kijana opereta, anakuja wiki ijayo. Ikizimika tena anakaa kwenye kile kiti. Nimwambieje mama? Hapa hakuna kazi nyingine ya kumpa."

Mama Wegesa alikuwa anajua. Aliponisindikiza getini alinishika mkono akasema, "Mwanangu, nina watoto wawili sekondari. Niombee tu hii mashine." Niliondoka pale na hasira za kushindwa, nikamsimulia Mzee Magoti, ambaye alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Umeiona ikiwa inaumwa, au huwa unaiona ikiwa imeshaogeshwa?" Nikamjibu kwa ukali kwamba kompyuta si mtoto. Akaendelea na taipureta yake.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kazi Butiama. Nilipomaliza nikapata lifti ya mabwana mifugo wanaokwenda Bunda, nikasema ngoja nipitie pale, bila simu, bila taarifa. Ilikuwa inakaribia saa sita. Nikasukuma mlango wa ofisi, nikasimama.

Ile kompyuta ilikuwa imevaa.

Nyie, ilikuwa imevaa! Juu ya monita kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, kimeanguka nyuma mpaka mezani, chenye maua pembeni. Kasha lenyewe lilikuwa limezungushiwa kingine kikubwa, cha lesi, kama sketi ya bi harusi. Vyote vimetiwa wanga wa muhogo mpaka vimekauka vinasimama vyenyewe. Juu kabisa, chupa yenye maua ya plastiki. Na nyuma, pale feni inapotolea hewa ya moto, kitambaa kilikuwa kimejaa upepo kama shavu la mtu anayepuliza tarumbeta.

"Jamani, fundi!" Mama Wegesa akaruka kitini. "Unakuja bila taarifa! Ungesema ningekuandalia meza!" Na mikono yake ikaenda kwenye vitambaa, aanze kuvivua.

"Usiguse, mama! Acha hivyo hivyo. Kila siku inavaaga hivi?"

"Sasa ikae uchi? Kitu cha thamani hivi, kila dereva anapita anaitolea macho?"

"Na mimi nikija?"

"Ukija naivua, si unakuja kuipima? Daktari atampimaje mgonjwa aliyevaa koti?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kwenye sakafu, na mkoba wangu. Nilicheka kwa furaha, sikumcheka yeye. Nani angeona? Nyumba zote za kwetu, kochi linavaa, redio inavaa, stuli ya kuwekea chai inavaa. Meneja mwenyewe kiti chake kilikuwa kimevaa. Ofisi nzima ilipita mbele ya ile kompyuta kila siku na jicho halikuona kitu cha ajabu, maana ajabu ingekuwa kuiona haina kitambaa.

Nikauchukua mkono wake, nikaupeleka nyuma, chini ya lesi. Ile hewa ilikuwa ya moto kama ya jikoni, inatoka, inagonga kitambaa, inarudi ndani.

"Hapa ndipo inapopumulia, mama. Pua yake hii."

Aliutoa mkono taratibu akauweka mdomoni. Macho yakajaa machozi.

"Kumbe ni mimi ninayeiua. Vitambaa hivi tumefuma na wenzangu wa jumuiya, siku ilipokuja, ili ipokelewe vizuri." Kisha akanishika bega. "Usimwambie Meneja. Nakuomba."

Kabla sijajibu, skrini ikaganda, ikazimika. Nje honi zikaanza. Na Bwana Kulwa akaingia na kipara chake kinang'aa jasho, akatutazama: mimi sakafuni, mama analia, kompyuta nyeusi kwenye gauni lake jeupe.

"Kuna nini?"

Nikificha, kesho itazimika tu tena, au mama ataondolewa kwa hii ya leo tu. Nikisema, nimemfukuzisha kwa mdomo wangu. Mama Wegesa hakuningoja. Alisimama, akajipangusa uso kwa kiganja, akasema kwa sauti ya kusomea risala, "Meneja, ni vitambaa vyangu. Vinaiziba pumzi. Mashine ni nzima, kosa ni langu."

Bwana Kulwa alivitazama vile vitambaa. Nikaona kidevu chake kinakaza.

"Malori yangu yanalala hapo nje wiki zote hizi kwa sababu ya vitambaa?"

Nikanyanyuka, nikamwomba naye aweke mkono nyuma. Akaweka. Akakaa ameweka muda, anafikiri, uso ukibadilika rangi.

"Fundi," akasema, sasa kwa sauti nyingine kabisa. "Na televisheni?"

"Televisheni ya nani, Meneja?"

"Ya nyumbani. Mke wangu ameivalisha mpaka miguuni. Imekufa mara mbili. Nimemwita fundi wa watu mwizi mbele ya majirani."

Nilijikaza nikashindwa. Mama Wegesa alikuwa ametazama chini, kwa adabu, ila mabega yanamtikisika. Bwana Kulwa akasema tusicheke, halafu yeye mwenyewe ndiye akaangua kicheko kikubwa kuliko sisi. Akachukua leso akajipangusa. Alipomaliza akawa Meneja tena.

"Lakini sikilizeni. Kesho malori yote yaliyolala lazima yatoke, na kijana wa Mwanza anafika kesho jioni. Nimeshawaambia makao makuu kwamba mama ameshindwa. Ikizimika kesho, siwezi kumtetea kwa habari ya vitambaa. Watanicheka na watamleta huyo kijana. Ikifika jioni inafanya kazi, nitajua cha kuwaambia."

Sikurudi Musoma. Nililala kwa Mama Wegesa, wanawe wakanipikia ugali na sato, na asubuhi tukawa wa kwanza ofisini. Nikaisogeza meza kutoka ukutani ipate nafasi ya mkono mzima, nikaisafisha upya, feni nikaipa tone lake. Chupa ya maua ikaenda dirishani. Mama akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akaiwasha.

Malori yalikuwa yamejipanga mpaka barabarani. Alichapa, printa ikalia kama cherehani inayoshona turubai, hati moja, dereva mmoja, lori moja linatoka. Hakuna aliyeniimbia siku hiyo. Ilipokaribia saa sita, hata wapima pamba wakaacha mizani wakaja kusimama dirishani. Bwana Kulwa alisimama mlangoni. Mama hakumtazama mtu. Jasho lilimtiririka shingoni na vidole havikusimama. Saa sita ikafika, ikapita. Kompyuta ikaendelea kuvuma. Nilisogea nikaweka kiganja nyuma: hewa ilikuwa vuguvugu, inatoka inakwenda zake.

"Dereva mwingine!" Mama akaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Lori la mwisho lilitoka jua likiwa limeinama upande wa ziwa. Mama Wegesa akaizima mashine mwenyewe. Nikamwambia sasa anaruhusiwa: ikizimwa na ikapoa, kitambaa kinaizuia pamba ya usiku, ni kizuri kabisa. Akaweka kiganja juu ya kasha, akangoja, kama anayempima mtoto homa, na alipoona imepoa akakunjua lesi yake, akaivalisha bila haraka, akinyoosha kila ua.

Bwana Kulwa alipita mlangoni ana mkoba wake mkononi. Alitazama kompyuta, akamtazama yeye.

"Mama," akasema, "kesho uje mapema. Yule kijana atakuwa msaidizi wako, inabidi umfundishe kazi."

Akaenda. Mama Wegesa alibaki amesimama, mkono bado uko kwenye kitambaa, midomo inarudia neno lile bila sauti, kesho, kesho. Halafu alitoka nje kwa kishindo, mwili wote huo, akasimama katikati ya uwanja mtupu wa malori, akapiga vigelegele mpaka wapima pamba wakaanza kumpigia makofi.